Buibui Mwenye Alama Nyekundu Tumboni

Watu wengi, wamwonapo buibui mkubwa mwenye manyoya akipita sakafuni, hupiga kelele na kutafuta fimbo. Lakini watu hao hao huketi juu ya kiti kilicholala nje usiku kucha bila kukiinamisha na kutazama chini yake. Hofu ya namna hii haina faida, maana humkimbiza mtu mbali na asiyedhuru sana, kisha humkalisha juu ya mwenye sumu. Katika makala hii twataka kumweleza msomaji habari za buibui mmoja mdogo aliye na sumu, ambaye hupatikana katika nchi nyingi za Afrika, na Kenya mojawapo. Tutaeleza umbo lake, rangi zake, tando zake na mayai yake, ili kila mtu, mkubwa kwa mdogo, amtambue kwa macho kabla hajamtambua kwa maumivu.

Habari hizi zawafaa watu wote, lakini zawafaa hasa wakaao katika nchi ya joto na ukavu kama Kajiado. Kutoka Kitengela, mahali ambapo nyumba za mawe zimeongezeka sana katika miaka ya karibuni, mpaka kwenye mashamba na maboma ya Entarara, viko vitu ambavyo buibui huyu avipenda mno: marundo ya mawe na mbao za ujenzi, magurudumu ya zamani ya motokaa, mabati yaliyolazwa chini, ndoo zisizotumika, vyoo vya shimo, na nyua zisizoguswa siku nyingi.

JINA LAKE

Wataalamu wa viumbe humwita Latrodectus geometricus. Jina hilo alipewa mwaka 1841 na Mjerumani mmoja, C. L. Koch, ambaye alikuwa bingwa wa elimu ya buibui. Waingereza humwita mjane wa rangi ya kahawia, kwa sababu katika ukoo huu mara nyingine jike humla dume wake baada ya kupandana naye. Huko Afrika Kusini watu humwita buibui wa kifungo, kwa kuwa tumbo lake ni la mviringo mfano wa kifungo cha nguo. Sisi katika makala hii tutamwita buibui mjane. Leo ameenea katika nchi za joto karibu duniani kote, maana husafiri bila kujulikana ndani ya masanduku, mizigo na vyombo vya watu.

UMBO LAKE

Kwanza yafaa tukumbuke jinsi buibui yeyote alivyoumbwa. Nzi, siafu na nyuki wana miguu sita, na mwili wao umegawanyika sehemu tatu. Buibui ana miguu minane, na mwili wake una sehemu mbili tu: ya mbele, ambayo ni kichwa na kifua vilivyoungana pamoja, na ya nyuma, yaani tumbo. Katikati ya sehemu hizo mbili pana kiuno chembamba sana. Hana mabawa wala pembe za kupapasia. Mbele ya kinywa ana meno mawili, na kwa meno hayo hutia sumu katika mwili wa mdudu amkamataye.

Buibui mjane jike ana urefu wa sentimita moja hadi moja na nusu, bila kuhesabu miguu. Tumbo lake ni kubwa, la mviringo, mfano wa punje kubwa ya njegere, nalo huonekana zito kuliko kichwa chake. Miguu yake ni mirefu na myembamba. Ya mbele ndiyo mirefu zaidi, na jozi ya tatu ndiyo fupi kuliko zote. Hana manyoya marefu yaonekanayo kwa mbali. Ukimwona, utadhani mwili wake ni laini.

Dume ni mdogo sana, mwembamba, naye hutembea huku na huko akitafuta jike. Mara nyingi watu hawamwoni kabisa, wala si yeye wa kuogopwa. Habari zote za kuumwa ambazo tutazieleza hapa ni habari za jike.

RANGI NA ALAMA

Hapa ndipo watu wengi wakosapo, kwa hiyo msomaji na asome polepole. Rangi ya mgongo si alama ya kutegemea. Buibui mjane mmoja aweza kuwa wa kahawia iliyofifia, mwingine wa kijivu, na mwingine mweusi karibu kama makaa. Wengi wana madoa na mistari mgongoni, meupe, meusi, na ya rangi ya chungwa, yaliyopangwa kama nakshi. Wachanga huwa weupe zaidi, kisha rangi hukolea kadiri wanavyokua. Miguu yao ina mabaka meusi kwenye viungo, ikawa kama imevikwa pete.

Alama ya kweli iko chini ya tumbo. Pale utaona doa jekundu, au la rangi ya chungwa, lenye umbo la pembetatu mbili zilizokutana ncha kwa ncha. Kama ngoma iliyo pana juu na chini, na nyembamba katikati. Kwa bahati njema si lazima kumgeuza buibui ili kuiona alama hii, wala mtu asijaribu kumgeuza. Buibui mjane huning'inia katika tando zake chali, miguu juu, na kwa hiyo tumbo lake huelekea juu. Mtu akisimama mbali kidogo, akamulika kwa tochi, ataiona alama ile iking'aa.

Afrika ina pia jamaa zake walio weusi, nao sumu yao humdhuru mwanadamu zaidi. Baadhi yao hawana ile alama ya ngoma chini ya tumbo, bali wana doa au mstari mwekundu upande wa juu, karibu na mkia. Basi, shauri letu ni hili: buibui yeyote mwenye tumbo la mviringo, ambaye ana wekundu tumboni au mkiani, na asiguswe kwa mkono.

TANDO NA MAYAI

Mtu aweza kuujua mlango wa mwenye nyumba kabla ya kumwona mwenyewe. Tando za buibui mjane hazina ule mpango mzuri wa duara kama gurudumu la baiskeli ambao twauona asubuhi katikati ya miti. Ni nyuzi zilizochanganyika ovyo, zikienda kila upande, tena ni ngumu. Ukizikata kwa kijiti, utasikia zikilia kidogo zinapokatika. Karibu na tando hizo pana tundu au pembe ya giza, na huko ndiko buibui ajifichako mchana.

Mayai yake ndiyo alama iliyo rahisi kuliko zote. Huyafunga ndani ya kifuko cha mviringo cha hariri, chenye ukubwa wa sentimita moja hivi, rangi yake nyeupe au ya manjano hafifu. Kifuko hicho chote kimejaa ncha ndogo ndogo, mfano wa mbigiri ile ichomayo nyayo za wachungaji. Mayai ya jamaa zake weusi hufungwa katika vifuko laini visivyo na ncha. Basi ukiona chini ya kiti au pembeni mwa choo vifuko viwili vitatu vya namna ya mbigiri vimening'inia, ujue bila shaka kwamba buibui mjane yupo karibu. Kifuko kimoja chaweza kuwa na mayai mia na zaidi, na jike mmoja aweza kufanya vifuko vingi katika maisha yake. Kwa sababu hiyo, kumwua mama na kuviacha vifuko ni kazi bure.

WASIOSTAHILI HOFU YA NAMNA HII

Yuko buibui mkubwa wa nyika, mwenye manyoya na rangi ya kutu, ambaye wataalamu humwita Pelinobius muticus. Huyu hupatikana katika nchi za majani za Kenya na Tanzania. Miguu yake ya nyuma ni minene, nayo humsaidia kuchimba shimo refu aishimo. Akichokozwa huinua miguu ya mbele na kutoa sauti ya kufoka. Sura yake yatisha, na akiuma kuna maumivu makali, lakini haji nyumbani kumtafuta mtu. Asiyemchokoza shimoni mwake hana ugomvi naye.

Yuko pia mnyama mwingine wa nchi kavu, mwenye rangi ya mchanga, akimbiaye kwa kasi usiku kufuata mwanga wa taa, na mchana kufuata kivuli cha mtu. Huonekana kama ana miguu kumi, kwa sababu ana mikono miwili mirefu mbele. Huyo si buibui hasa, wala hana sumu. Meno yake yaweza kubana ngozi, lakini jambo lake huishia hapo.

AUMAPO, NINI HUTOKEA?

Buibui mjane ni mwoga. Akiguswa hukunja miguu, akajiangusha chini kama aliyekufa. Huuma pale tu anapobanwa kati ya ngozi na kitu kingine: mkono ushikapo ukingo wa kiti chini, mguu uingiapo katika kiatu kilichokaa siku nyingi, mwili uvaapo nguo iliyotundikwa ghalani, au mtoto aingizapo kidole ndani ya tundu.

Sumu ya ukoo huu huishambulia mishipa ya fahamu. Mwaka 1993, G. J. Müller wa Tygerberg, karibu na Cape Town, alitoa habari za watu 45 walioumwa na buibui wa ukoo huu huko Afrika Kusini. Kati yao 30 waliumwa na yule mweusi, na 15 na huyu wa kahawia. Wale wa buibui mweusi walipata maumivu yaliyoenea mwilini, misuli kukaza na jasho jingi. Wale wa buibui wa kahawia walipata taabu ndogo, na maumivu yao yalikaa hapo hapo palipoumwa. Kwa hiyo hakuna haja ya kumlilia aliyeumwa na buibui mjane kana kwamba amekwisha kufa. Walakini mdharau mwiba mguu huota tende: mtoto mdogo, mzee, mwenye mimba na mtu aliye mgonjwa tangu zamani hapana budi watazamwe kwa uangalifu zaidi.

Aliyeumwa na afanyiwe hivi. Aoshwe mahali pale kwa maji na sabuni. Awekewe kitambaa kilicholowanishwa maji baridi. Apewe dawa ya kawaida ya maumivu, kwa kiasi kilichoandikwa juu ya pakiti. Atulizwe, tena asiachwe peke yake. Kama buibui ameuawa au ameonekana wazi, atiwe ndani ya chupa yenye kifuniko, apelekwe pamoja na mgonjwa ili daktari amwone. Tumbo likikaza, jasho likimtoka, misuli ikimwuma mwili mzima, au pumzi ikiwa nzito, apelekwe hospitali mara moja. Kajiado, Kitengela na Loitokitok zote zina hospitali, na hata zahanati iliyo karibu yaweza kuanza kumsaidia.

Mambo mengine na yaachwe kabisa. Msichanje jeraha kwa wembe. Msinyonye kwa kinywa. Msifunge mguu au mkono kwa kamba mpaka damu ikome. Msipake samadi, mafuta ya taa wala asidi ya betri. Mambo haya hayatoi sumu hata kidogo, bali huingiza vidonda vibaya kuliko kuumwa kwenyewe.

MAOVU ASINGIZIWAYO BUIBUI

Sasa twafika kwenye jambo lililo kubwa kuliko yote. Mara nyingi buibui husingiziwa asilolitenda, na katika kumsingizia, mgonjwa hupoteza saa au siku ambazo zingemwokoa.

La kwanza ni nyoka. Mtu ashtuka usiku kwa maumivu, hakuona kitu, naye asema, "Ni buibui tu." Katika nchi hii kuna kifutu alalaye njiani, na swila ambaye aweza kumwuma mtu aliyelala. Shirika la Afya Duniani lakadiri kwamba watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa duniani kila mwaka kwa kuumwa na nyoka, na mwaka 2017 lilihesabu jambo hili miongoni mwa magonjwa yaliyosahauliwa. Kwa hiyo, kama hukukiona kilichokuuma, na mahali pale panavimba upesi, au damu haikomi, au macho yanakuwa mazito, usingoje mapambazuko. Hesabu kuwa ni nyoka, usitembee bila lazima, upelekwe hospitali.

La pili ni kimeta. Wafugaji walijua jina hili tangu kale kwa ajili ya ng'ombe na mbuzi wafao ghafula. Mtu aliyemchuna mnyama wa namna hiyo, au aliyeishika nyama yake, aweza baada ya siku chache kuona kipele kinachowasha. Kipele hicho huwa lengelenge, kisha huwa kidonda chenye gamba jeusi katikati, na pembeni yake pamevimba. Lakini ajabu yake, hakina maumivu makali. Wengi husema ni buibui, wakangoja kipone. Kimeta chatibika kwa dawa za hospitali kikiwahiwa, na kikiachwa chaweza kuua. Kwa hiyo mtu aonapo kidonda cha gamba jeusi, ajiulize kwanza: "Je, siku hizi nimemchuna mnyama aliyekufa?" Jibu likiwa ndiyo, amwambie daktari bila kuficha. Na mnyama afaye ghafula asipasuliwe wala asiliwe. Bwana mifugo apewe habari, na mzoga uzikwe shimoni.

La tatu ni yule mdudu mwembamba mwenye rangi nyekundu na nyeusi, ambaye wengi humwita Nairobi fly. Jina lamwita nzi, lakini yeye ni wa jamaa ya mbawakawa. Haumi wala hachomi. Sumu yake imo ndani ya mwili wake, na mtu akimponda juu ya ngozi, baada ya siku moja au mbili hutokea malengelenge mfano wa kuungua moto. Wakati wa mvua kubwa za El Niño, mwaka 1997 na 1998, wadudu hawa walizidi sana katika Kenya. Akitua mwilini, mpeperushe kwa pumzi au kwa karatasi, kisha uoshe mahali pale kwa sabuni.

KINGA NYUMBANI

Kumzuia buibui mjane hakuhitaji fedha nyingi. Viti vilivyolala nje vipinduliwe na kufagiliwa chini kabla ya watu kukaa. Viatu na nguo zilizokaa siku nyingi vikung'utwe. Mbao, mawe na mabati visirundikwe penye ukuta wa nyumba, na mtu ayasogezaye marundo hayo na avae glovu, au atumie kijiti kwanza. Chooni, ufagio mrefu upitishwe pembeni na chini ya mlango kila juma. Watoto wafundishwe kutotia vidole katika matundu. Vifuko vyenye ncha vikionekana, visukumwe kwa kijiti ndani ya kopo, vipondwe au vichomwe mbali na nyumba. Lakini mtu asimwage mafuta ya taa ukutani akawasha moto kwa ajili ya buibui, maana hasara ya moto yashinda hasara ya buibui mia.

Wala tusiwaue buibui wote kwa kosa la mmoja. Duniani zimekwisha kujulikana aina zaidi ya 50,000 za buibui, na zilizo na sumu ya kumdhuru mtu ni chache mno. Waliobaki hula nzi na wadudu wengine usiku na mchana bila kudai mshahara. Huko Mbita, kando ya Ziwa Victoria, wataalamu wamemchunguza buibui mmoja mdogo arukaye, aitwaye Evarcha culicivora, ambaye chakula akipendacho ni mbu jike aliyekwisha kunywa damu, hasa mbu wa jamaa ile iletayo malaria. Mtu amwuaye huyo amemwua askari wake mwenyewe.

Basi, ndugu msomaji, yashike mambo matatu: alama nyekundu ya umbo la ngoma chini ya tumbo, tando zilizochanganyika ovyo penye giza, na vifuko vya mayai mfano wa mbigiri. Na kama nyumbani kwenu yuko mzee, mama au mtoto asiyejua kusoma, msomee habari hizi, kisha mwende pamoja mkatazame chini ya viti.